Kpokpoi ya Homowo kwa mahindi na chikichi za Kigoma

Swali la msomaji wa Ujiji: "Agosti mwaka jana nilikuwa Accra wakati wa Homowo, sikukuu ya Waga wa huko, nikala kpokpoi, chakula chao cha mahindi, kwa supu ya chikichi. Tangu nirudi nimeijaribu mara tatu kwa unga wa sembe na mawese ya hapa kwetu. Mara ya kwanza ikawa ugali mtupu. Mara ya pili niliipika kwa mvuke, ikatoka na chembe mbichi zinazokwaruza meno. Mara ya tatu nilitia mawese mapema ili isikauke, mafuta yakatuama chini ya bakuli na chembe zikabaki kavu. Nina wageni watatu kutoka Ghana wanakuja mwezi ujao, Jumamosi. Nakosea wapi? Na nikiwapikia, ni sawa kuinyunyiza mlangoni kama nilivyoona kule?"

Jibu

Dada yangu, makosa yote matatu yametoka mahali pamoja: unaipika kpokpoi kana kwamba ni ndugu wa ugali. Hiki ni chakula cha kunyunyizwa. Mfalme wa Waga, yaani Ga Mantse, hukichota kwa mkono na kukirusha njiani, na kitu cha kurushwa hivyo lazima kiwe chembechembe, kila chembe imeiva peke yake na imepata mafuta ya kuizuia isigandamane na mwenzake. Ugali ukiurusha unaanguka donge. Kwa hiyo kpokpoi haisongwi hata kidogo. Inaiva kwa mvuke, na inakunywa maji kwanza, mafuta baadaye. Ukiushika mpangilio huo, mengine yote ni usafi na subira.

Tuanze na unga, maana hapo ndipo ulipoharibikiwa kabla hata ya kuwasha moto. Sembe imekobolewa, kiini na ganda vimeondoka, kisha ikasagwa laini kama poda. Mvuke ukiigusa, tabaka la chini linaungana na kuwa kama gundi, njia ya mvuke inaziba, na unga wa juu unabaki mbichi. Unahitaji mahindi yaliyosagwa chenga, ukubwa wa mchanga wa mtoni, yakiwa yamelowekwa na kuchachuliwa kidogo.

Chukua kilo moja ya mahindi meupe makavu. Inatosha watu sita hadi wanane. Yachambue kwenye ungo mahali penye mwanga mzuri. Punje yenye madoa ya kijani, nyeusi au ya waridi, iliyopondeka au iliyosinyaa, itupe. Hili silisemi kwa ajili ya sura ya chakula. Kuchachua hakuondoi sumukuvu, wala kuchemsha hakuiondoi, na wengi tunakumbuka watu waliopoteza maisha kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi yenye ukungu hayana pa kurekebishwa.

Yaliyobaki yaoshe, uyaloweke kwenye maji yanayoyapita vidole vitatu, uyaache siku mbili kasoro, ukibadilisha maji mara moja katikati. Punje iliyo tayari inaingia kucha kwa urahisi, ila katikati inapinga kidogo.

Sasa kuna kikwazo ambacho mapishi yaliyoandikwa na Waghana hayatakuambia, kwa kuwa kwao hakipo. Mashine za kusaga za kwetu nyingi ni za nyundo zenye chekeche ndani. Ukipeleka mahindi yenye maji, chekeche linaziba, na mwenye mashine atakukatalia kwa haki kabisa. Accra mashine za mitaani zina sahani mbili za chuma zinazosuguana, nazo hupokea nafaka iliyolowa. Ndiyo maana kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachuliwa, hupikwa kila kona ya mji ule. Wewe una njia tatu. Ya kwanza ni kinu na mchi: chuja mahindi, yaache saa moja kwenye ungo maji yakatike, kisha twanga kidogo kidogo na kuchekecha, chenga kubwa zinarudi kinuni. Ni kazi ya saa nzima, lakini hutoa kpokpoi bora kuliko zote. Ya pili ni mashine ya mkono ya kusagia karanga, skrubu ikiwa imelegezwa. Ya tatu ni kusaga mahindi makavu bila kukoboa, ukimwomba mwenye mashine aweke chekeche la matundu makubwa, lile la chakula cha kuku, baada ya kuisafisha mashine. Ukichagua ya tatu, huna haja ya kuloweka punje. Unalowesha chenga zenyewe. Anza na nusu lita ya maji kwa kilo moja, koroga kwa vidole, subiri robo saa, kisha ongeza kidogo kidogo. Mara nyingi zitataka robo lita nyingine, pengine pungufu.

Kipimo cha unyevu ni ngumi, kwa njia zote tatu. Fumba chenga kiganjani: zikishikamana donge, na donge likivunjika kwa kuguswa na dole gumba, unyevu umetosha. Maji yakichirizika kati ya vidole, umepitiliza. Ongeza chenga kavu. Zikikataa kabisa kushikana, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Usiruke kipimo hiki, maana maji mengi hapa ndiyo yanayokurudisha kwenye ugali.

Shindilia chenga kwenye chombo cha plastiki au udongo, si cha alumini, kwa kuwa uchachu hula alumini na kutia chakula ladha ya bati. Funika kwa kitambaa na sahani. Kwa joto la Ujiji saa 24 zinatosha. Kpokpoi haitakiwi kuwa chachu kama kenkey. Unatafuta harufu ya togwa inayoanza kuchangamka na nyufa ndogo juu ya unga. Ukiona manyoya ya rangi yoyote, au harufu ya kuoza, mwaga yote. Usichote juu ukaacha chini.

Kabla ya mvuke, vunja madonge yote kwa kupitisha chenga kwenye chekeche la matundu mapana. Chombo cha mvuke kinaweza kuwa sufuria yenye sahani ya matundu, au chujio kubwa la bati linalokaa vizuri juu ya sufuria. Tandika kitambaa chepesi cha pamba ndani yake. Maji ya chini yasikaribie matundu, yawe mbali kwa upana wa vidole vitatu au vinne hata yakichemka kwa nguvu. Pale vyombo viwili vinapokutana, ziba kwa utepe wa kitambaa uliolowa au kwa unga uliokandwa, la sivyo mvuke utatokea pembeni na chenga zitakuwa zinapashwa tu. Weka chenga mvuke ukiwa umeshapanda, zimwagike zenyewe bila kukandamizwa, kisha funika.

Dakika 20 za kwanza haziivishi. Wanga wa mahindi unahitaji joto na maji kwa pamoja ili uvimbe na kulainika, na maji yaliyo kwenye chenga wakati huo yanatosha nje ya chembe tu. Hizo chembe zilizokukwaruza meno zilikuwa zimeiva ganda na kubaki chokaa katikati. Baada ya dakika 20, mimina kila kitu kwenye sinia, vunja madonge kwa mwiko wakati bado kuna moto, nyunyiza nusu kikombe cha maji ya vuguvugu yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya, acha dakika tano chembe zinywe. Rudisha kwenye mvuke dakika 20 nyingine. Toa chembe moja kubwa, ipasue kwa meno ya mbele: ukiona kidoti cheupe katikati au ukisikia inakatika, rudia kunyunyiza na kupika dakika 10. Chenga za kusagwa kavu mara nyingi hudai mzunguko huu wa tatu.

Ukitia mawese kabla ya hapo, kama ulivyofanya mara ya tatu, unaipaka kila chembe koti la mafuta. Maji hayaingii tena, mafuta nayo hayana pa kushika, yanashuka chini. Kwa hiyo mafuta yaje mwisho kabisa, ila yaje chakula kikiwa cha moto. Mawese huanza kuganda yanapopoa, na kpokpoi iliyopoa itapata mabaka mekundu badala ya rangi ya dhahabu iliyoenea.

Wakati mvuke wa pili unaendelea, chemsha robo kilo ya bamia changa zilizokatwa vipande kwenye maji kiasi cha kuzifunika, pamoja na magadi ya kushika kwa ncha ya vidole viwili. Waghana hutumia madini ya namna hiyo hiyo, wao huyaita kanwe, kulainisha bamia na maharagwe. Ukizidisha magadi chakula kitanuka sabuni, na hakuna kiungo kitakachoificha. Ponda bamia ziwe rojo. Kisha kwenye sinia changanya kpokpoi ya moto, rojo la bamia bila maji yake yote, na mililita 150 hadi 200 za mafuta ya moto, ukiinua chembe kutoka chini kwenda juu kwa mwiko mpana. Usikande. Ikiwa bado ni kavu, ongeza mafuta ya supu kijiko baada ya kijiko.

Nasema mafuta ya supu kwa makusudi, kwa maana mafuta bora ya kpokpoi ni yale yanayopanda juu ya supu ya chikichi yenyewe, yenye harufu ya samaki, kitunguu na pilipili. Accra wapo wanaotumia zomi, mawese yaliyokaangwa na viungo. Mawese ya sokoni yanafaa pia, ila onja kwanza: yakiwasha kooni ni ya zamani au matunda yalikaa sana kabla ya kukamuliwa, na ukali huo utaenea sinia zima.

Supu nayo haipikwi kwa mawese na maji. Wengi hufanya hivyo wakapata maji mekundu yenye mafuta juu. Kinachoipa supu uzito ni nyama ya tunda. Pata kilo moja na nusu ya chikichi zilizoiva, zilizopukuchuliwa kwenye kichala. Nimeweka nusu kilo ya ziada kwa sababu michikichi mingi ya asili ya Kigoma ni ya aina ya dura, yenye kokwa kubwa na nyama nyembamba. Ukipata tenera, ile mbegu mpya yenye nyama nyingi, kilo moja yatosha. Chemsha dakika 30 hadi 40 mpaka ganda la tunda lianze kupasuka. Twanga zikiwa za moto, mchi ushuke kwa upole, kwani kusudi ni kutenganisha nyama na kokwa; ukizivunja kokwa, vipande vyake vitabaki mdomoni mwa mgeni. Mimina lita moja na nusu ya maji ya moto, fikicha kwa mikono maji yakishapoa kiasi cha kuvumilika, chuja mara mbili, nyuzi na kokwa zibaki nje.

Ulichopata ni tui zito la rangi ya chungwa. Wakongomani wataitambua mwambe mara moja. Chemsha pamoja na vitunguu viwili, nyanya nne, kipande cha tangawizi na pilipili nzima, moto wa wastani, bila kufunika kabisa, kwani tui hili hufura na kumwagika kama maziwa. Baada ya dakika 45 hivi povu linakatika na mafuta mekundu yanajitenga pembeni. Hiyo ndiyo ishara ya kuiva. Engua mafuta ya juu kwa upawa, uyaweke kando kwa ajili ya kpokpoi. Toa vitunguu, nyanya na pilipili, visage, uvirudishe. Samaki waingie dakika 15 za mwisho, na kuanzia hapo tikisa sufuria badala ya kukoroga. Accra watatumia samaki wa baharini, wa moshi na wabichi. Wewe una migebuka wa kubanikwa, na kwa maoni yangu supu hii inawafaa sana. Dagaa wanaweza kuongezwa, lakini wale walioanikwa mchangani waoshwe maji matatu, la sivyo jitihada zako zote za kuondoa ukwaruzi zitakwenda bure.

Kwa wasomaji walio London au Toronto: supu hii hutoka vizuri kwa tui la chikichi la mkebe. Mkebe mmoja wa gramu 800 huongezwa lita moja ya maji na kuchemshwa vile vile mpaka mafuta yajitenge.

Sasa swali lako la kunyunyiza. Homowo maana yake ni kuizomea njaa: homo ni njaa, wo ni kuzomea. Waga, wenyeji wa Accra na miji ya pwani iliyo karibu nayo (msiwachanganye na Wakiga wa Kabale), husimulia kwamba wazee wao walipata njaa kali, kisha mavuno yakaja tele, wakaicheka njaa hadharani. Sherehe haianzi Agosti. Huanza karibu na Mei, makuhani wao wavaao meupe, Wulomei, wanapopanda mtama mdogo katika shamba takatifu. Kisha huja siku 30 za kimya, ngoma na kelele zikiwa mwiko mjini ili mazao yakue kwa utulivu. Angalia jambo hili, maana ni zuri: kinachopandwa kwa ibada ni mtama ule wa kale, lakini kinacholiwa ni mahindi, zao lililofika Afrika kutoka Amerika baada ya Wareno kuanza safari zao. Ibada imeshika nafaka ya zamani, chungu kimepokea mpya.

Katika wiki ya Homowo ya Ga Mashie, kitovu cha Accra, wale wa mashambani huingia mjini Alhamisi na mavuno yao. Huitwa Soobii, watu wa Alhamisi. Ijumaa ni ya mapacha, na Jumamosi ni kpokpoi. Osu, La, Teshie, Nungua na Tema wana siku zao wenyewe. Kunyunyiza ni kuwalisha waliotangulia. Hufanywa na mfalme barabarani, na majumbani na mkuu wa ukoo, kwa maneno ya dua yanayotajwa kwa mpangilio wake. Siku inayofuata watu huamka wakiwalilia waliofariki mwaka huo, kisha huenda nyumba kwa nyumba kutakiana uhai na kumaliza ugomvi.

Kwa hiyo usinyunyize, dada. Kupika si mwiko, wala kula. Waga walio ughaibuni hufanya Homowo kwa tarehe zinazowezekana. Obo Addy, mpiga ngoma wa Accra aliyehamia Portland, Marekani, aliifanya huko sherehe ya hadhara ya jiji zima. Lakini kuwaita wazee wa watu kwa chakula ni kazi ya watu wao. Ukiweka bakuli dogo kando na kumwambia mgeni aliye mkubwa kwa umri kwamba lipo akilihitaji, utakuwa umefanya adabu yote inayotakiwa.

Kabla ya hapo lakini, waulize wageni wako ni watu wa wapi. Ghana si Waga peke yao. Akiwa Mwashanti au mtu wa kabila la Ewe, kpokpoi kwake ni chakula cha jirani, atakifurahia kama mgeni. Supu ya chikichi ndiyo itakayowagusa wote watatu, kwa hiyo kama muda ni mchache, nguvu zako zipeleke huko.

Kwa chakula cha Jumamosi mchana, loweka mahindi Jumatano jioni. Ijumaa asubuhi twanga, pima kwa ngumi, weka yachache. Jumamosi saa mbili asubuhi bandika chikichi. Saa nne na nusu anza mvuke wa kwanza, supu ikiwa tayari imeenguliwa mafuta. Saa tano bamia. Changanya kila kitu muda mfupi kabla wageni hawajakaa. Tandika bakuli moja kubwa la kpokpoi, supu na samaki zikimiminwa juu yake pembeni, si katikati, ili chembe za upande wa pili zisilowe mapema. Wakubwa kwa wadogo hula humo humo kwa mkono. Itakayobaki ihifadhi bila supu, na kesho yake ipashe kwa mvuke dakika kumi. Ukiipasha kwenye sufuria kavu itaungua chini kabla ya kupata moto juu.